Pikipiki za wazee: kutoka Mkwakwani hadi kivuko cha Pangani

Asubuhi ya Jumamosi moja ya kaskazi, muda mfupi baada ya watu kutoka msikitini, pikipiki kumi na moja zilikuwa zimepangwa kando ya uwanja wa Mkwakwani, jijini Tanga. Hakuna hata moja iliyokuwa na umri wa chini ya miaka thelathini. Changa kuliko zote ilikuwa Yamaha ya bwana shamba mmoja mstaafu. Kongwe kuliko zote ilikuwa BSA ndogo ya kijani, ambayo kijana aliyekuja nayo alikuwa ameikokota kwa miguu kutoka Ngamiani ili asiwaudhi majirani kwa mlio wake.

Wenyewe hawana ofisi wala katiba. Wana kundi la simu, mweka hazina ambaye miezi mingi hana cha kuweka, na masharti matatu waliyotusomea kabla ya kuondoka: mwendo wa msafara ni mwendo wa aliye nyuma kabisa, hapandi mtu bila kofia ngumu, awe dereva au abiria, na wakati wa swala ukiingia, injini zinazimwa. Siku hiyo walikusudia kwenda Pangani, kilomita hamsini hivi kusini mwa Tanga, ambako vijana wa bodaboda wa mji ule walikuwa wamewaomba wazilete pikipiki zao zioneshwe karibu na kivuko. Nasi tukaalikwa kufuatana nao, ndani ya gari dogo lililobeba maji, zana na dumu la petroli.

Wazee wetu waliwahi kukiita chombo hiki tukutuku, kabla jina la pikipiki halijashika. Yote mawili ni majina ya mlio, na asubuhi ile tulisikia kwa nini yalihitajika mawili. Injini za mipigo minne, kama ya Honda, hunguruma kwa utulivu, pigo moja likimngoja mwenziwe. Zile za mipigo miwili, kama ya BSA na ya Vespa, zina mlio mkavu wa harakaharaka na moshi wa samawati, kwa kuwa oili huchanganywa na petroli na kuungua pamoja nayo. Wazee wale walikuwa wakitambuana kwa masikio. Aliyechelewa hakupigiwa simu. Mmoja aliinua kidole, akasikiliza, akasema, "Huyo yuaja, yuko kwenye kona," na kweli akatokea.

Mwalimu mmoja mstaafu alikuja na Honda 50, ile ambayo kiwanda kiliiita Super Cub ilipotoka mwaka 1958. Hadi kufikia mwaka 2017 zilikuwa zimeundwa milioni 100 za ukoo huo, idadi ambayo hakuna chombo kingine cha injini cha nchi kavu kilichoifikia. Haina mkono wa klachi. Mguu hubadili gia na mashine hujipanga yenyewe. Inasimuliwa kuwa Soichiro Honda alitaka hivyo ili kijana wa mgahawa wa Kijapani aweze kuendesha kwa mkono mmoja, huku wa pili ukibeba sinia la tambi. Mwalimu wetu alicheka tulipomsimulia. Alisema yeye mkono wa pili ulikuwa ukishika mwavuli, na kwamba mwanafunzi wake yeyote akionekana akifanya hivyo leo atamshusha kwa sikio.

Mzee mwingine alileta Vespa nyeupe iliyovushwa kutoka Unguja, ambako vespa ni chombo cha nyumbani hadi leo. Vespa kwa Kiitaliano ni nyigu. Kampuni ya Piaggio ilikuwa ikiunda ndege. Vita vya pili vya dunia vilipokwisha biashara hiyo ikafa, na mwaka 1946 mhandisi wake Corradino D'Ascanio, msanifu wa helikopta ambaye kwa hakika hakuzipenda pikipiki, akabuni chombo kinachopandwa bila kuinua mguu juu, chenye ngao mbele ya miguu na injini iliyofichwa ndani ya mabati ili isimchafue mpandaji.

Tumelitaja hilo kwa sababu ya kanzu na baibui. Honda ya mwalimu ina cheni iliyofunikwa yote na Vespa haina cheni kabisa, na mtu hukaa juu yake akiwa amejisitiri bila kuhofia nguo yake kuvutwa. India sheria inawataka wanaounda pikipiki wafunike sehemu ya gurudumu la nyuma, kwa ajili ya sari za wanawake, na kuweka pa kushika na pa kukanyaga kwa abiria. Bodaboda nyingi tunazopanda hutoka India. Tulipofika Pangani tulizikagua zilizoegeshwa pale kivukoni: kati ya kumi na tisa, zilizobaki na kinga hiyo zilikuwa nne tu. Nyingine ilikuwa imefunguliwa, tukaambiwa, ili gurudumu lioshwe upesi. Akina mama wanaokaa upande wenye gurudumu wazi, baibui na mtandio vikipepea, wanajua hofu yake, na kuna waliojua zaidi ya hofu. Kinga ile ni vyuma vyembamba vichache. Mwenye bodaboda anayebeba wake na mabinti wa watu hana udhuru wa kuivua, na baba anayemchagulia binti yake dereva wa kumpeleka shule angeanza kwa kutazama hapo.

Ile BSA ya kijani tuliiweka mwisho kwa makusudi. BSA ni kifupi cha jina la kiwanda cha silaha cha Birmingham, Uingereza, na alama yake ya zamani ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Aina hii ndogo, iitwayo Bantam, ilitoka mwaka 1948 ikiwa na gia tatu na injini ya mipigo miwili isiyofika ujazo wa 125. Bantam ni kuku wa mbegu fupi, na juu ya tangi huchorwa jogoo. Ubunifu wenyewe haukuwa wa Waingereza. Ulikuwa wa Wajerumani wa kampuni ya DKW, na vita vilipokwisha michoro yake ikachukuliwa kama fidia. Warusi wakaunda ya kwao, Wamarekani wa Harley-Davidson ya kwao, na mwaka 1955 Yamaha, waliokuwa watengeneza vinanda, wakafuata mfano huo huo kuunda pikipiki yao ya kwanza. Hivyo Yamaha ya bwana shamba na BSA ya kijana, zilizosimama jirani pale Mkwakwani, zilikuwa ndugu bila wenyewe kujua. Bwana shamba alipoambiwa akaipigapiga ile BSA kwenye kiti, akasema, "Shikamoo, kaka mkubwa."

Marehemu baba wa kijana yule alikuwa fundi katika karakana ya reli. Pikipiki aliinunua kwa msimamizi mmoja wa shamba la mkonge aliyeondoka nchini baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, mashamba mengi yalipotaifishwa. Aliitumia mpaka macho yalipomtupa. Kijana aliikuta uani chini ya mabati, kuku wakitaga kwenye kapu lake, miezi michache baada ya mazishi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walikuwa wamekwisha kupita mara mbili. Alitumia takriban miaka mitatu kuifufua. Matairi yalipatikana, cheni ikakatwa kutoka ya bodaboda, lakini ringi za pistoni hazikupatikana popote, mpaka fundi kerezo mmoja alipochukua za pikipiki nyingine na kuzipunguza kidogo kidogo kwa wiki nzima, akipima kwa kipande cha karatasi ya sigara.

Msafara ukaondoka saa moja na nusu. Barabara ya Pangani huuacha mji na kuingia Mwambani, bahari ikiwa upande wa kushoto, mara ikionekana na mara ikifichwa na minazi. Hii ni sehemu ya barabara ya pwani inayokusudiwa kwenda hadi Bagamoyo, kilomita 256 kwa jumla, na mzee wa Vespa, aliyeijua tangu ilipokuwa mchanga na mashimo matupu, alikuwa akiitazama lami kama mtu aliyealikwa karamu asiyoitarajia. Mwendo haukuzidi kilomita arobaini kwa saa. Bodaboda zilitupita, mabasi madogo yalitupita, na karibu na shule moja baiskeli ilitupita, mwendeshaji wake akigeuka nyuma kwa furaha ambayo hatukuweza kumlaumu.

Tongoni Vespa ilizima. Hapo ndipo pa magofu ya msikiti wa kale na makaburi ya nguzo, yaliyosimama tangu kabla Wareno hawajaiona pwani hii, na ni mahali pazuri pa kuharibikiwa kama lazima mtu aharibikiwe. Plagi ilikuwa imejaa masizi. Wakati ikisuguliwa, wengine wakakaa chini ya mti, maji yakapitishwa, na hapo ndipo mzee mmoja, aliyewahi kufanya kazi karakana moja na marehemu, alipomgeukia kijana.

"Pikipiki hii ya nani?"

"Ya marehemu baba, ami."

"Marehemu hamiliki kitu, mwanangu. Ndio nakuuliza. Ya nani?"

Kijana hakujibu. Mzee hakumkalia. Aliuliza tu kama kadi imebadilishwa, akaambiwa bado ina jina la baba. Akauliza kama mirathi imegawiwa, akaambiwa nguo ziligawiwa, fedha kidogo zilizokuwapo zikalipa deni la dukani na gharama za mazishi, na nyumba anakaa mama. Mengine hayajazungumzwa. Ni mwaka wa nne sasa.

Tunaamini wasomaji wengi wameitambua familia hii, kwa kuwa huenda ni yao. Pwani yetu ina nyumba, mashamba ya minazi, mashua na cherehani za watu waliokwisha kufa, ambazo bado huitwa za marehemu fulani miaka kumi baada yake. Kila mmoja huogopa kuwa wa kwanza kutaja mgawo, asije akaonekana ana pupa na kaburi halijakauka. Hofu hiyo tunaiita heshima. Wakati huohuo mmoja anaitumia mali, kwa kawaida aliye karibu nayo, na kwa kawaida mwanamume. Naye kwa kuitengeneza na kuitunza huanza, bila nia mbaya yoyote, kuiona yake. Kijana wa BSA hakuwa mwizi. Aliiokoa mali ya familia isiende kuyeyushwa. Hilo ndilo lililofanya swali la mzee liwe gumu.

Plagi ikawaka, tukaendelea. Baada ya Kigombe mkonge hutanda pande zote mbili, safu baada ya safu, na mtu hukumbuka kwamba zao hili lililoujenga mkoa wa Tanga lilianza huku kwa miche 62 tu iliyosalia hai kati ya ile aliyoagiza Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893. Saa nne kasoro tukaingia Pangani, bodaboda za mji zikiwa zimekuja kutupokea njiani kwa honi.

Nairobi kuna maonesho ya namna hii yanayofahamika Afrika Mashariki nzima, kwenye uwanja wa mbio za farasi wa Ngong, yaliyoanzishwa mwaka 1970 na chama cha wenye magari ya Alfa Romeo, na pikipiki nazo hushindanishwa humo. Waamuzi huchungulia mpaka chini ya madigadi kutafuta tope. Pangani hapakuwa na waamuzi. Palikuwa na kamba iliyofungwa kutoka mti hadi mti, pikipiki kumi na moja upande mmoja na bodaboda upande wa pili, mto ukipita nyuma yake na kivuko kikienda Bweni na kurudi. Tope la Tongoni liliachwa lilivyo. Watoto hawakujali Honda wala Enfield. Walijazana kwenye tangi la kijani, na katika nusu saa mji mzima uliijua kama pikipiki ya jogoo.

Enfield nayo ilistahili zaidi ya ilivyopata. Royal Enfield ilianza Uingereza, lakini tangu mwaka 1955 ikaanza kuundwa Madras, India. Kiwanda mama kikafungwa, na wa India ukaendelea mpaka leo. Mwenyewe, askari mstaafu, alikaa kando yake akieleza hayo kwa yeyote aliyesimama, na waliosimama walikuwa wachache.

Vijana wa bodaboda walikuwa na maswali yao. Mmoja alimuuliza mwalimu imekuwaje akaendesha tangu miaka ya sabini bila kuvunjika mfupa. Mwalimu akamwita karibu, akamwonesha. Kila asubuhi, kabla ya kupiga kiki, hushika cheni kwa vidole kuona imelegea kiasi gani, hubonyeza tairi, hukamata breki zote mbili huku akisukuma, kisha hutazama taa. Dakika mbili. Halafu akasema hajawahi kubeba mshikaki hata siku moja, na vijana wakacheka kwa aibu, kwa sababu wanne kati yao walikuwa wamefika pale wakiwa watatu juu ya pikipiki moja. Kofia ngumu nyingi zilikuwa zimetundikwa kwenye vioo vya pembeni. Tuliwaambia tunayoyajua: tafiti zilizokusanywa na kupimwa pamoja kutoka nchi mbalimbali zimeonesha kwamba kofia ngumu hupunguza hatari ya kufa kwa mpanda pikipiki aliyepata ajali kwa asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa asilimia 69. Kijana mmoja akajibu kuwa abiria hawataki kuvaa kofia iliyovaliwa na kila mtu, kwa sababu ya jasho na mafuta ya nywele. Jibu hilo lina haki yake. Dada mmoja aliyekuwa akisikiliza alisema yeye huvaa kitambaa chepesi juu ya hijabu, kisha kofia, na akifika hukifua kitambaa. Senti zake hazifiki bei ya bandeji.

Ilikaribia saa sita alipofika mgeni mmoja kutoka Dar es Salaam, mnunuzi wa vyombo vya kale. Aliizunguka BSA mara tatu, akapiga magoti, akasoma namba ya injini, akasimama na kutaja bei bila kuulizwa: shilingi 2,400,000, taslimu, leo hii. Pakawa kimya. Kijana yule hufanya kazi ya kupakia mizigo. Tulimwona akimeza mate. Mkono wake ulikuwa juu ya usukani.

Nyuma yake alikuwa amesimama dada yake mkubwa, aliyeolewa Pangani, amekuja na watoto wawili. Hakuwa ameiona pikipiki ile ikitembea tangu baba yao alipokuwa na nguvu. Alikuwa akiwaonesha wanawe bonde dogo ubavuni mwa tangi, mahali ambapo goti lake liligonga siku baba alipoteleza naye kwenye mchanga, yeye akiwa darasa la tatu. Aliposikia bei akainuka. Mnunuzi akamwuliza kwa ucheshi kama naye ana neno.

"Sina," alisema. "Sijaulizwa."

Alilisema bila kupandisha sauti, akimtazama mdogo wake, wala si mnunuzi.

Yule mzee wa karakana ndiye aliyevunja ukimya. Alimwomba mnunuzi asubiri, akaokota kijiti, akachuchumaa mchangani. Marehemu ameacha nani? Mjane mmoja. Wana wawili wa kiume, huyu na mdogo wao wa miaka kumi na mbili. Mabinti wawili. Wazazi wa marehemu walitangulia. Madeni yamelipwa, wasia hakuacha. Basi, alisema, mali igawe mafungu 48. Mjane ana thumni, nayo ni mafungu 6. Yabaki 42, mwana wa kiume apate mara mbili ya binti kama ilivyo katika Suratun Nisaa: wavulana 14 kila mmoja, mabinti 7 kila mmoja. Akachora mistari, akahesabu kwa sauti, ikatimia 48. Kwa bei ya mgeni, fungu moja ni shilingi 50,000. Mama 300,000. Kila mvulana 700,000. Kila binti 350,000.

"Wewe una mafungu kumi na manne," alimwambia kijana. "Huwezi kuuza arubaini na nane."

Kijana akasema, na alisema kweli, kwamba ametia fedha zake nyingi katika pikipiki hii; matairi, rangi, fundi kerezo, zaidi ya laki sita. Hapo wazee wenyewe wakatofautiana. Mwalimu aliona kuwa gharama hizo zitolewe kwanza, kwani bila yeye pangekuwa na kilo sabini za chuma. Askari mstaafu aliona kuwa aliyetengeneza mali ya ushirika bila kuwauliza washirika amejitolea, na zaidi ya hayo ameitumia peke yake. Mzee wa kijiti alikataa kuamua. Alisema stakabadhi zote ziwekwe pamoja, warithi wakae, na swali lipelekwe kwa mwenye elimu ya fiqhi, si kwa wapanda pikipiki. Dada akasema yeye hana kinyongo na laki sita. Mdogo wake azichukue kwa upande wake yeye, kama sheria itamruhusu. Mzee akamjibu kwamba fungu lake anaweza kulisamehe, yeye ni mtu mzima mwenye akili zake. Lakini yule mtoto wa miaka kumi na mbili hawezi kusamehe, na hakuna wa kumsamehea, si mama wala kaka. Sote pale tulilijua onyo la Qur'ani juu ya mali ya yatima, na hakuna aliyehitaji kulisoma.

Tulipenda namna jambo lile lilivyokwenda. Hakuna aliyetuhumiwa. Mnunuzi aliandika namba yake ya simu kwenye kipande cha boksi, akampa dada, na hilo pia tuliliona: alimpa dada.

Adhuhuri ikaadhiniwa. Wazee wakazifunga pikipiki mnyororo mmoja kupita katika magurudumu yote kumi na moja, vijana wawili wa bodaboda ambao walikwisha kupanga kuswali kwa zamu wakabaki kuzilinda, na msikiti ukajaa harufu ya petroli. Baada ya hapo tulikula wali wa nazi na samaki wa kupaka nyumbani kwa dada huyohuyo, aliyewapikia watu ishirini kwa taarifa ya siku moja. Meza ya chakula haikuzungumzwa mirathi. Ilizungumzwa kabureta.

Ilibidi tuondoke mapema. Taa za pikipiki hizi ni za volti sita, na kwa maelezo ya mwenye Honda zinafaa kumwonesha mtu mwingine kwamba upo, si kukuonesha njia. Kabla ya kupanda, kila mmoja alisoma kimya dua ya kipando, ile iliyomo katika Suratuz Zukhruf. Kijana wa BSA alimpandisha mpwa wake wa miaka saba, akamvika kofia ngumu iliyomfunika mpaka nyusi, akamzungusha mara moja uwanjani kwa gia ya kwanza, akamshusha kwa mama yake. Kigombe mkono wa kiki wa Enfield ulikatika, ikaburutwa kwa kamba nyuma ya gari letu mpaka Tanga, askari mstaafu akiwa juu yake amenyooka kama yuko gwarideni. Tulifika muda mchache kabla ya Magharibi.

Siku kumi baadaye tulipata ujumbe kutoka kwa kijana. Kikao cha familia kilikaa Ngamiani, dada zake wote wawili wakiwapo. Mama amependekezwa kuwa msimamizi wa mirathi, na maombi yamepelekwa Mahakama ya Mwanzo. Ikikubali, kadi ndipo itakapoweza kubadilishwa jina. Dada mdogo anataka iuzwe, mkubwa hataki. Yeye mwenyewe ameomba, ikithaminiwa, apewe nafasi ya kuwalipa wenzake mafungu yao kidogo kidogo, la mtoto likiwa la kwanza. Shekhe ameulizwa kuhusu zile laki sita na ametaka kuziona stakabadhi, ambazo nusu yake hazipo. Kwa sasa pikipiki iko uani, imefunikwa turubai, kuku wamefukuzwa, na plagi imefunguliwa. Iko ndani ya kabati la mama.